Fisi Huzaa Kiasi Gani? Jinsi Uzazi wa Wanyama Wala Nyama Unavyopimwa Mara

Katika mabaraza ya wadi zinazopakana na Hifadhi ya Maasai Mara, swali moja haliishi: je, fisi wameongezeka? Mfugaji aliyepoteza kondoo watatu usiku mmoja ana jibu lake tayari. Mwendesha magari ya watalii, ambaye siku hizi huzunguka mchana kutwa kabla ya kumwonyesha mgeni simba, ana jibu lake pia. Majibu hayo mawili hayawezi kupuuzwa, lakini hakuna hata moja linaloonyesha ni wanyama wangapi wanaozaliwa kila mwaka na ni wangapi kati yao wanaofika utu uzima. Hilo hupimwa kwa njia nyingine, na kazi kubwa ya kulipima kwa upande wa fisi imefanyika papa hapa katika Kaunti ya Narok.

Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba Kenya ina simba 2,589, fisi madoa 5,189 na duma 1,160. Takwimu hizo ni muhimu, ila ni kama picha iliyopigwa mara moja. Picha haisemi kama aliyemo anakua au anakonda. Simba 2,589 wanaweza kuwa wanapanda kutoka 2,000 au wanashuka kutoka 3,000. Ili kujua mwelekeo, ni lazima kujua wanaozaliwa na wanaokufa, na kati ya hayo mawili, kuzaliwa ndiko kugumu zaidi kuhesabu. Mzoga huonekana. Mtoto aliyezaliwa ndani ya shimo usiku akafa kabla ya siku ya tatu haonekani na mtu yeyote.

Mfugaji tayari anajua hesabu hii

Kiwango cha uzazi si idadi ya watoto waliozaliwa mara moja. Kina sehemu nne: jike huanza kuzaa akiwa na umri gani, huzaa watoto wangapi kwa mara moja, hukaa muda gani kabla ya kuzaa tena, na kati ya majike wote waliokomaa ni wangapi wanaozaa kweli.

Kwa mfugaji hakuna jambo geni hapo. Akiulizwa kundi lake la mbuzi linaendeleaje, hatahesabu vitoto vilivyo zizini leo na kuishia hapo. Anajua mbuzi yupi alizaa pacha, yupi ametupa mimba mara mbili, yupi amekaa mwaka mzima mkavu, na yupi anazeeka. Anawajua mmoja mmoja, kwa rangi na kwa mama zao. Mtafiti wa wanyamapori anatafuta ujuzi uo huo, ila mbuzi wake hawana zizi, hutembea usiku, na mama zao huwaficha watoto kwa makusudi.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuwatambua. Madoa ya fisi hayafanani kati ya mmoja na mwingine, na vivyo hivyo madoa ya duma. Simba hana madoa anapokomaa, lakini ana vidoa vidogo kwenye mizizi ya sharubu, na mpangilio wa safu ya juu ya vidoa hivyo hutofautiana. Njia hiyo ya kumtambua simba ilielezwa mwaka 1970 na C. J. Pennycuick na Judith Rudnai, na Rudnai aliwafuatilia simba wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Picha ya upande wa kushoto, picha ya upande wa kulia, sikio lililochanika, kovu la mguuni: hayo ndiyo daftari la mtafiti. Mnyama akishatambuliwa, kila anapoonekana huandikwa tarehe, mahali, aliokuwa nao, na kama ananyonyesha.

Mashimo ya Talek

Mwaka 1988, mtafiti Kay Holekamp wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, alianza kufuatilia ukoo wa fisi karibu na Talek. Kazi hiyo imeendelea kwa zaidi ya miaka 30, vizazi juu ya vizazi. Wapo fisi ambao bibi wa bibi zao wameandikwa. Tafiti za namna hiyo ni chache duniani, na sababu yake ni rahisi: fisi jike huzaa polepole, na anayetaka kujua amezaa mara ngapi maishani hana budi kumsubiri mpaka afe.

Fisi hubeba mimba kwa siku 110 hivi. Kwa kawaida huzaa watoto wawili au mmoja, ndani ya shimo ambalo mara nyingi lilichimbwa na muhanga au ngiri. Jike huzaa peke yake, mbali na wenzake, na baada ya wiki chache huwahamishia watoto kwenye pango la pamoja la ukoo. Hapo ndipo watafiti huwaona kwa mara ya kwanza. Mtoto wa fisi huzaliwa akiwa mweusi tii, kisha weusi hubadilika na madoa kujitokeza kwa mpangilio unaojulikana. Kwa kutazama manyoya, ukubwa wa mwili na jinsi mtoto anavyotembea, mtafiti mzoefu anaweza kurudi nyuma na kukadiria siku aliyozaliwa, akikosea kwa wiki moja tu hivi.

Mama yake anajulikanaje, pango likiwa na watoto wa majike wengi? Kwa fisi, kunyonyesha kunatosha karibu kila mara. Fisi jike humnyonyesha mwanawe na kumfukuza wa mwenzake. Vipimo vya vinasaba, vinavyofanywa kwa damu au nywele, huthibitisha jambo hilo, na humtambulisha pia baba, ambaye kwa macho tu hawezi kujulikana.

Hapa kuna imani ya zamani inayopaswa kuwekwa sawa. Watu wengi huamini kwamba fisi ni dume na jike kwa pamoja, au kwamba hubadilika mwaka hadi mwaka. Si kweli. Fisi jike ni jike maisha yake yote, isipokuwa kiungo chake cha nje kimerefuka kikafanana na cha dume, na huzalia humo humo. Watafiti hutofautisha jinsia kwa umbo la ncha ya kiungo hicho, na kwa chuchu za jike aliyewahi kunyonyesha. Bila kujua jinsia, hesabu yote ya uzazi huharibika, maana inayohesabiwa ni miaka ya majike.

Umbile hilo lina gharama. Njia ya uzazi ni ndefu na nyembamba, na kwa jike anayezaa mara ya kwanza, mtoto mara nyingi hukosa hewa kabla ya kutoka. Jambo hili lilijulikana vizuri kwa fisi wa Narok, ingawa halikuonekana Narok. Kati ya 1984 na 1985, watoto 20 wa fisi walichukuliwa kutoka iliyokuwa Wilaya ya Narok na kupelekwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa utafiti. Walikua, wakazaa wakiwa wanatazamwa, na ikakadiriwa kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa uzazi wa kwanza hufa wakati wa kuzaliwa. Porini, hakuna hata mmoja wa hao angeingia kwenye daftari. Mama angeandikwa kuwa bado hajaanza kuzaa.

Kuna fumbo jingine. Watoto wa fisi huzaliwa macho yakiwa wazi na meno yakiwa tayari, na pacha huanza kupigana mapema sana. Mtafiti akimkuta jike na mtoto mmoja pangoni, je, alizaa mmoja, au alizaa wawili na mmoja akafa kwa njaa au kwa meno ya ndugu yake? Ndiyo maana ripoti nzuri haisemi tu kwamba fisi wana watoto wangapi. Husema watoto wangapi walionekana pangoni, na wakiwa na umri gani. Maneno hayo machache hubadilisha maana ya takwimu nzima.

Kwa kuwa ukoo wa Talek umefuatiliwa kwa muda mrefu, imewezekana kuona jambo ambalo ziara ya wiki mbili isingelionyesha hata kidogo: fisi hawazai sawa. Ukoo wa fisi una ngazi, na majike wa juu hula kwanza. Hao huanza kuzaa wakiwa na umri mdogo zaidi, hukaa muda mfupi zaidi kati ya uzazi mmoja na mwingine, na watoto wao wengi zaidi hukua. Jike wa ngazi ya chini anaweza kuishi miaka mingi na kuacha kizazi kidogo sana. Kwa hiyo, ukichagua majike watatu tu wa kufuatilia, jibu lako litategemea umewachagua nani.

Simba: kuzaa kwingi si kuongezeka

Kwa simba, hesabu hupinda kwa namna nyingine. Simba jike hubeba mimba kwa takriban siku 110, hujitenga kuzaa vichakani, na huwaficha watoto kwa wiki sita hivi kabla ya kuwaleta kundini. Dalili ya kwanza kwamba amezaa ni chuchu zilizovimba na manyoya yaliyolowa kuzizunguka. Akionekana hivyo leo, na baada ya mwezi chuchu zimekauka na hakuna mtoto aliyeonekana, mtafiti huandika kwamba alizaa na akapoteza wote. Asiyemwona katika siku hizo chache hukosa uzazi mzima.

Zaidi ya hapo, simba jike wa kundi moja hunyonyeshana watoto. Kwa hiyo ile kanuni ya fisi, kwamba anayenyonyesha ndiye mama, haifanyi kazi hapa. Vinasaba ndivyo huamua.

Jambo la kutafakari zaidi ni hili. Simba jike ambaye watoto wake wanakua hukaa takriban miaka miwili kabla ya kuzaa tena. Lakini madume wageni wakilivamia kundi, kwa kawaida huwaua watoto wadogo waliowakuta, na mama hao hurudi kwenye joto mapema na kuzaa tena baada ya miezi michache. Sasa tazama takwimu: kundi lililovamiwa mara kwa mara litaonyesha uzazi mwingi kwa kila jike, na kundi lililotulia litaonyesha uzazi mchache. Anayesoma safu hiyo moja tu atasema kundi la kwanza linastawi. Ukweli ni kinyume. Kundi la kwanza linazaa bila kukuza.

Hili lina uhusiano wa moja kwa moja na kuuawa kwa simba dume nje ya hifadhi. Dume mmoja akiuawa kwa mkuki au sumu, mwenzake aliyebaki huenda asiweze kuwazuia wageni, na watoto wa kundi zima wanaweza kumfuata baba yao. Hasara hiyo haiandikwi popote pale mzoga mmoja unapohesabiwa.

Duma, na vifo vya mafichoni

Katika tambarare za Serengeti, ng'ambo ya mpaka, mtafiti Karen Laurenson aliwafunga duma jike kola za redio mwishoni mwa miaka ya 1980, akawafuata hadi mafichoni walikozalia, na kuwahesabu watoto mama alipokwenda kuwinda. Duma huwaficha watoto kwa takriban wiki nane. Kabla ya kazi hiyo, wengi walihesabu watoto pale walipotoka mafichoni wakimfuata mama, wakadhani hao ndio waliozaliwa. Laurenson aligundua kwamba kati ya kila watoto 100 waliozaliwa, ni kama 5 tu waliofika umri wa kujitegemea. Wengi waliuawa na wanyama wengine, simba wakiongoza, na wengi wao wakiwa bado mafichoni.

Takwimu hiyo ilisambaa dunia nzima na kutumiwa kana kwamba ni ya duma wote. Baadaye utafiti katika eneo kavu la Kgalagadi, kusini mwa Afrika, ambako simba na fisi ni wachache, ulionyesha zaidi ya theluthi moja ya watoto wakifika umri huo. Zote mbili ni kweli, kila moja mahali pake. Kinachopatikana Serengeti hakiwezi kubebwa tu na kuwekwa Mara, sembuse Kgalagadi.

Njia nyinginezo

Kola za siku hizi hutuma mahali alipo mnyama kwa setilaiti. Jike aliyekuwa akitangatanga akianza kurudi mahali pamoja siku baada ya siku, hiyo ni dalili kubwa kwamba amezaa, na mtafiti huenda kutazama kwa mbali. Tatizo ni kwamba kola hufungwa kwa wanyama wachache, na kumfunga ni lazima adungwe dawa ya usingizi na daktari wa mifugo aliyeidhinishwa.

Kinyesi nacho husema mengi. Ndani yake mna mabaki ya homoni, na ile ya ujauzito hupanda jike anapobeba mimba. Lakini simba na duma wana hila: baada ya kupandwa bila kushika mimba, homoni hiyo hupanda vilevile kwa wiki kadhaa kana kwamba wamebeba. Sampuli moja haitoshi. Inabidi mnyama huyohuyo afuatwe mpaka muda wa mimba ya uongo upite.

Katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini ambako mbweha na mbwa mwitu huwindwa kisheria, madaktari huchunguza tumbo la uzazi la jike aliyeuawa na kuhesabu makovu yaliyoachwa na kondo la nyuma. Kila kovu ni mtoto aliyewahi kushika. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo njia hiyo hapa hubaki kwa mizoga ya waliogongwa na magari au waliokufa kwa sababu nyingine. Kamera za kujipiga zenyewe husaidia kuhesabu wanyama wanaopita, lakini picha ya jike akiwa na mtoto nyuma yake haithibitishi kwamba ni wake.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa kufikirika. Majike kumi wa fisi wanafuatiliwa kwa miaka minne. Wanane wanaishi miaka yote minne, wawili wanakufa baada ya miaka miwili. Jumla ya miaka ya majike ni 32 na 4, yaani 36. Katika muda huo watoto 24 wanaonekana pangoni. Gawanya 24 kwa 36: ni 0.67, yaani watoto wawili kwa kila jike katika miaka mitatu. Kama 15 kati yao walifika mwaka mmoja, kiwango cha waliokua ni 0.42. Na kwa kuwa takriban nusu ni madume, mabinti ni 0.21 kwa mwaka.

Sasa mgeni anafika siku moja, anawakuta majike wanne pangoni, kila mmoja na watoto wawili. Anaandika kwamba fisi wa hapa huzaa watoto wawili kwa mwaka. Amewaacha majike sita wasio na watoto, amesahau kwamba hao wanne hawatazaa tena mwakani, na amepata kiwango mara tatu ya kilicho halali. Makadirio ya namna hii ndiyo huzaa uvumi kwamba fisi wanafurika.

Haina maana kwamba wafugaji wanakosea wanapoona ongezeko. Uchambuzi wa miaka mingi wa kundi la utafiti la Holekamp, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba katika sehemu ya hifadhi iliyo karibu na Talek, ambako watu na mifugo wamezidi, fisi waliongezeka huku simba wakipungua. Wazee waliosema hivyo barazani walikuwa sahihi kuhusu mahali pao. Lakini ongezeko laweza kutokana na kuzaliwa wengi zaidi, au kufa wachache zaidi, au wote wawili, na kila sababu inahitaji hatua tofauti. Panapopungua simba, watoto wa fisi hupata adui mchache. Kuwaua fisi hapo, bila kutazama kilichowapunguza simba, ni kukata tawi na kuacha shina.

Mkazi anaweza kufanya nini

Fisi jike hunyonyesha kwa mwaka mmoja na zaidi. Akiuawa watoto wakiwa na miezi minne, kwa kawaida hakuna jike mwingine atakayewanyonyesha, na watakufa shimoni. Aliyetega sumu akadhani ameua fisi mmoja huenda ameua watatu, pamoja na tai waliokula mzoga na mbwa wa boma la jirani.

Anayegundua pango lenye watoto karibu na boma au njia ya wanafunzi asilizibe, asiwashe moto mlangoni, wala asimchukue mtoto hata akionekana ameachwa. Mama huenda yuko mbali akiwinda na atarudi. Taarifa ipelekwe kwa askari wa hifadhi ya jamii iliyo karibu, kwa chifu, au kwa kituo cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Tarehe, mahali, idadi ya watoto, na kama bado ni weusi au wameanza madoa: mambo hayo manne yanatosha, na picha iliyopigwa kwa simu ukiwa mbali, ikionyesha ubavu wa mama, inaweza kumtambulisha.

Mfugaji aliyepoteza mifugo anahimizwa kuripoti mapema, kabla mzoga haujaliwa wote, ili maofisa waone alama za meno na nyayo na kujua ni mnyama gani. Madai hupitia kamati ya kaunti ya uhifadhi wa wanyamapori na fidia, iliyoundwa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Ripoti hizo pia husaidia kuonyesha mashambulizi yameongezeka wapi na katika miezi gani, na zikilinganishwa na daftari za mapangoni, huonyesha kama ukoo wenye watoto wengi mwaka huo ndio unaosumbua maboma, au ni fisi wachache waliozoea zizi moja lenye uzio mbovu.